Kiganja cha Sikudhani

"Kula weye kwanza," alisema Bi Badriya, akaisukuma sahani ya wali kwa ncha ya kidole, kama anayesogeza mende aliyekufa.

Fortunate akavuta kiti. Akachota wali, akauchovya kwenye mchuzi wa samaki, akatafuna, akameza. Kisha akafungua mdomo ili bibi aone kwamba hakuna kilichofichwa chini ya ulimi. Hilo hakuombwa. Lakini mtu aliyekulia jukwaani, akiwa na mtazamaji hata mmoja, hushindwa kuiacha kazi nusu.

"Mmh," alisema Bi Badriya. "Na mle ulikula kwanza vilevile. Ukala, ukacheka, ukampa yule mama wa watu. Akafa."

"Ile ilikuwa filamu, Bibi."

"Najua kama filamu. Kwani miye mtoto?"

Na bado hakula. Sahani ikarudi jikoni na kilima chake cha wali, na Fortunate akaimwaga kwa uchungu. Ulikuwa wali wa nazi ya kukuna, si ya kopo, umekaa punje punje kama bibi alivyoupenda. Mpishi akimwaga chakula kama hicho huona kama anajimwaga mwenyewe.

Mambo hayakuanza hivi. Fortunate aliingia katika fleti hii ya Al Barsha kama mpishi na mwenzi wa mchana wa Bi Badriya. Yaqoub, mwana wa bibi, ndiye aliyekuwa kafeel wake: viza ilikuwa mikononi mwake, akisema kaa atakaa, akisema nenda atakwenda. Yaqoub na mkewe Afra walikuwa watu wa ofisini, wakitoka asubuhi na kurudi jioni. Bi Badriya ndiye aliyebaki na kuta. Aliletwa Dubai kutoka Unguja akiwa bibi harusi, akazaa hapa, akazika mume hapa, lakini ulimi wake haukuwahi kupanda ndege. Alitaka mtu wa kusema naye Kiswahili, na Fortunate, mwanamke wa Bukoba aliyezeekea Dar es Salaam, alikuwa nacho cha kumtosha. Walielewana. Bibi alimcheka kwa kusema "shule" badala ya "skuli", naye Fortunate alimcheka bibi kwa kuiogopa lifti.

Kila alasiri Bi Badriya alitazama filamu za zamani za Kiswahili kwenye tableti. Alasiri moja akaisimamisha picha kwa kidole, akaiinua tableti mpaka ikawa sambamba na uso wa Fortunate, aliyekuwa akikunja nguo. Akatazama huku, akatazama kule.

"Sikudhani," alisema.

"Hukudhani nini, Bibi?"

"Jina lako hilo. Weye ndo Sikudhani. Uliyemtilia sumu tajiri wako."

Fortunate akaiona sura yake mwenyewe, ikiwa na mashavu ambayo alishayasahau, imeinama juu ya sufuria. Ilikuwa *Kijiko cha Mwisho*, filamu ya enzi zile ambapo waigizaji wote wa filamu wa Dar wangeweza kukaa kwenye benchi moja. Humo aliitwa Sikudhani, mtumishi wa ndani anayempa sumu mwajiri wake kidogo kidogo, huku akimwita mama. Roho ikamruka, na si kwa hofu tu. Alikuwa mzuri kwenye ile picha. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo kwa muda mrefu, na sasa alijiambia mwenyewe.

Jioni ile Yaqoub akamwita sebuleni. "Fortunate, huyu ni wewe?"

Angeweza kukana. Watu hufanana, miaka imepita, picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Neno moja dogo lingetosha na mambo yangeishia pale. Lakini angekana nini? Angeikana kazi pekee aliyowahi kuifanya vizuri kuliko watu wengine.

"Ni mimi, sir," alisema, na sauti ikatoka na majivuno kidogo.

Yaqoub akacheka, akampiga picha kwa simu. Afra hakucheka.

"Mbona hukutuambia?" aliuliza Afra.

"Hamkuniuliza, madam."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Bahati mbaya lilikuwa pia jibu la Sikudhani, neno kwa neno, pale polisi wanapoingia, na Bi Badriya alikuwa ameshaitazama sehemu hiyo mara mbili.

Tangu siku hiyo bibi akahamia jikoni. Alijikokota na kigoda chake, akakiweka karibu na jokofu, akamkodolea macho Fortunate tangu kitunguu hadi kupakua. Aliuliza kila kopo lina nini. Alinusa chumvi. Na hakumwita tena Fortunate. "Sikudhani, lete maji. Sikudhani, hiyo nini?" Fortunate alileta maji, alijibu ni bizari, lakini kuitikia hakuitikia. Mwanamke akiitwa na mkubwa wake husema "abee", na yeye "abee" hiyo aliimeza kila mara. Kwa jina lile alishawahi kuitikia mara moja, akajuta.

Kabla ya filamu kulikuwa na jukwaa. Fortunate aliingia kwenye kikundi cha maigizo akiwa msichana, na tangu siku ya kwanza hakupewa kuwa mchumba wa mtu. Kope ya jicho lake la kushoto ilikuwa imelegea tangu alipougua utotoni, kwa hiyo hata akiwaza chakula alionekana anapanga jambo. Alfred, kiongozi wa kikundi, alimzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akasema, "Sura hii inasema uongo hata ikinyamaza. Mungu hatoi kitu kama hiki bure." Basi akawa mama mkwe mwenye roho ya kutu, akawa jirani mbeya, mchawi, mlevi, mke wa katibu kata anayekula rushwa ya kuku. Walizunguka kwenye kumbi za jamii, pazia lao likiwa shuka mbili zilizoshonwa pamoja. Warembo walipigiwa miluzi. Fortunate alizomewa, na Alfred akamfundisha kuzihesabu zile kelele za kuzomewa kama makofi.

Alimfundisha na jambo jingine. "Mwenye hatia haiangalii sumu," alisema. "Anaangalia mlango. Wewe angalia mlango tu, watu watashika vichwa wenyewe."

Kamera ilipokuja, ilikuwa kamera ya kupigia harusi, na nyumba ya kupigia ilikuwa ya shemeji yake Alfred. *Kijiko cha Mwisho* ilihitaji mchuzi jikoni, na kwa kuwa hapakuwa na chakula kingine cha kikundi, Fortunate aliupika mchuzi wa kweli. Sumu ilikuwa unga wa muhogo. Akautia, akakoroga, kisha akafanya jambo ambalo halikuandikwa popote: akadondosha tone la mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akalipuliza, akalilamba, akafumba macho kidogo. Alikuwa anamwiga mama yake. Mama hakuwahi kuonja kwa kijiko maisha yake yote, alisema kijiko hakina ulimi. Baada ya kufumba macho, Fortunate akayafumbua, akauangalia mlango, akatabasamu. Alfred alisahau kusema kata.

Hivyo ndivyo alivyompa mwanamke mwovu kiganja cha mama yake. Hakulifikiria siku ile. Alilifikiria baadaye sana, na liliuma.

Filamu ilitia fora. Kanda zikauzwa mpaka Mwanza. Siku ya kwanza watoto walipomzingira mtaani wakaimba "Sikudhani! Sikudhani!" aligeuka na kuitikia kwa mbwembwe, "Abeee!" Wakatimua mbio wakilia, na mmoja akaanguka mtaroni. Kisha mama muuza nyanya akamwambia, kwa heshima zote, asizishike nyanya zake, amwonyeshe tu kwa kidole anayoitaka. Kwenye harusi ya binamu yake, upawa ulichukuliwa mkononi mwake na mwanamke asiyemfahamu. Watu hawakuwa wajinga. Walijua kama ni filamu, wangekwambia hivyo wenyewe. Lakini tumbo la mtu halijui filamu.

Nyumbani alikuwepo Pius, mume wake, fundi redio, mtu mpole mwenye harufu ya risasi ya kuchomelea. Pius alianza kwa utani. "Mke wangu, kula wewe kwanza," alisema siku moja, wakacheka mpaka machozi. Akasema tena siku nyingine, wakacheka kidogo. Kisha akawa anasema bila kucheka. Kisha akawa anakula kwa dada yake, anarudi ameshiba, anasema tumbo halipo sawa. Hawakugombana hata siku moja, na ndiyo maana Fortunate hakupata mahali pa kushika. Pius aliondoka bila kelele, kama anavyotoka mtu ukumbini mchezo ukiwa haujaisha.

Kwa hiyo Bi Badriya aliposema "kula weye kwanza", hakujua amekanyaga wapi.

"Ungekataa tu," Leah, rafiki yake wa Musoma, alimwambia Fortunate siku ya mapumziko. Walikuwa wamekaa kwenye mgahawa mdogo wa Karama, karibu na chumba ambamo Leah alipanga kitanda kimoja tu, wakinywa chai ya maziwa. "Ungesema mimi siijui hiyo filamu, ni dada mmoja tunafanana. Sasa umewapa kamba wenyewe."

"Ningeikanaje, Leah? Ile ni kazi yangu."

"Kazi yako ni kupika wali. Hii ni Dubai, hakuna anayekupa tuzo hapa. Yule bibi akiumwa hata mafua, ni wewe. Nisikilize vizuri. Akipiga chafya tu, ni wewe."

Fortunate akamtazama. Ghafla akajikuta anajiuliza kwa nini Leah anaijua sana hatari hii, na kama si yeye aliyelisambaza jina la Sikudhani kwa watu wa Al Rigga, mtaa alikofanya kazi, maana hata keshia wa duka la vyakula siku hizi alimwangalia vibaya. Akaona aibu kwa wazo lile. Shaka ilikuwa imemwambukiza hata yeye, kama upele.

Aliporudi alifanya uamuzi mmoja: hataonja tena kwa kiganja mbele ya Bi Badriya. Ataonja kwa kijiko kama watu wengine. Chakula kikaanza kukosa chumvi, na bibi akaanza kuuliza kwa nini.

Siku aliyoitabiri Leah ilianza kwa sauti ya maji chooni. Bi Badriya alikuwa ameharisha tangu alfajiri, amekuwa mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Yaqoub na Afra hawakwenda kazini. Wakamchukua wakampeleka kwa daktari, naye akamtundikia dripu, akasema kuna kitu amekila au amekinywa, tumbo limekikataa. Walirudi naye kabla ya adhuhuri. Afra alipita mbele ya Fortunate bila salamu.

Wakati bibi amelazwa kwenye kochi sebuleni, Fortunate aliingia chumbani kwake kubadilisha shuka. Nyuma ya pazia la dirisha, mahali ambapo mtu hufika kwa mkono akiwa amelala, palikuwa na glasi. Chini yake palikuwa na chenga nyeupe. Akaipeleka jikoni, akaigeuza, zikadondoka chache kwenye kiganja chake cha kushoto. Akazilamba.

Chumvi, halafu uchungu, halafu ule ubaridi mbaya wa ulimi. Haluli. Bibi yake mwenyewe kule Bukoba alikuwa akiwapanga wajukuu mstari na kuwanywesha haluli shule zikifungwa, kila mmoja akimwonea huruma anayemfuata. Akaelewa palepale. Hakuna aliyemtilia bibi kitu. Bi Badriya, kwa kuiogopa sumu, alikuwa amejisafisha tumbo kwa siri kwa dawa ya kizamani, na dawa ndiyo iliyomwangusha. Kicheko kikamjia kooni. Kabla hakijatoka akasikia hatua, akainua macho, akauangalia mlango.

Afra alikuwa amesimama hapo. Aliona glasi, aliona kiganja na chenga nyeupe, aliona jicho lililolegea likimtazama.

"Nini hicho?"

"Ni haluli, madam. Nimeikuta kwa bibi."

"Haluli ndiyo nini? Sumu ya kwenu?"

"Hapana, madam! Ni dawa ya kuendesha. Wazee wanaijua. Muulize bibi."

"Yaqoub!" Afra aliita, bila kuondoa macho. "Yaqoub, taal! Njoo uone!"

Wakasimama wote mbele ya kochi. Yaqoub alikuwa ameishika ile glasi kwa ncha za vidole. Neno haluli alilijua. Alijua pia kwamba daktari wa figo alishamkataza mama yake, na kwamba aliitupa pakiti nzima kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama," alisema. "Sema kweli. Ulikunywa haluli?"

Bi Badriya akamtazama mwanawe, akaitazama glasi. "Miye? Haluli? Ntaipata wapi, mwanangu, na weye ulishaitupa?"

"Basi hii imetoka wapi?"

Bibi akavuta mtandio kufunika kidevu. Hakumtaja Fortunate. Hakusema kitu chochote, na kunyamaza kwake kukafanya kazi yote.

Fortunate alitaka kusema mengi, lakini machozi yakatangulia. Yalimtoka kwa dhati. Yalitoka kwa ajili ya wali uliomwagwa, kwa ajili ya Pius, kwa ajili ya umri wake na mlango mwingine ambao usingefunguka popote ukishafungwa huu. Alilia mkono mmoja ukiwa kifuani, kichwa kimeinama upande wa kulia, bila sauti, mabega tu.

"Mwangalie!" Afra alipiga kelele. "Wallahi mwangalie! Ndivyo alivyolia!"

Akachomoa simu, akatafuta, akaishika juu. Kwenye kioo Sikudhani alikuwa akilia kwenye matanga ya tajiri wake: mkono kifuani, kichwa upande wa kulia, bila sauti, mabega tu. Yaqoub akatazama simu, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake. Akatazama tena simu. Fortunate naye akatazama, na katikati ya machozi yake akaona jambo la kumtia hofu kuliko kufukuzwa. Afra alikuwa amesema kweli. Alikuwa na kilio kimoja tu. Siku ya kupiga ile filamu alikitoa ndani yake akakiweka kwenye kanda, na tangu hapo hakupata kingine. Sasa alipokihitaji kiwe chake, hakuna aliyemwamini.

"Silii kwa kuigiza, sir," alisema.

"Hata mle alisema hivyo?" Yaqoub alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Hapana," alijibu Afra. "Lakini angeweza."

Yaqoub akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimtesa. Alitaka jambo liishe. "Khalas. Naenda msikitini. Nikirudi nitapiga simu ofisi iliyomleta, waje wamchukue leo hii. Fortunate, funga mizigo yako. Sitaki polisi, sitaki maneno." Akatoka. Afra akaingia chumbani na simu yake, akauacha mlango wazi ili aone ukumbi.

Fortunate alikwenda jikoni. Mizigo yake haikuwa mingi. Ingefungwa hata akiwa njiani. Lakini bibi alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, na tumbo lililosafishwa na haluli halitaki wali, linataka uji mwepesi. Akaosha mchele, akaubandika, akatia hiliki na chembe ya pilipili manga. Hakujua kwa nini anafanya hivyo. Pengine kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa mbele yake, na jukwaani hufundishwi kutoka kabla sehemu yako haijaisha.

Akasikia kigoda kikikwaruza. Bi Badriya alikuwa amejikokota kwa kushika ukuta, ameketi mahali pake karibu na jokofu, anahema.

"Wapika nini?"

"Uji wa mchele, Bibi."

Sufuria ikachemka. Fortunate akakoroga, mgongo ameugeuzia kigoda. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya mchicha, "Uliinywa kwa ajili yangu?"

Kutoka chumbani sauti ya Afra ilikuwa ikisema na mtu kwa Kiarabu.

"Thuwein kaniletea," alinong'ona Bi Badriya. Thuwein alikuwa mpwa wake aliyesafiri kati ya Unguja na Dubai na mabegi ya nguo. "Kaitia ndani ya bahasha ya halua. Yaqoub akijua, mpwa wangu hatoingia tena nyumba hii. Kashasema hivyo na wala hatanii. Na Thuwein ndo pekee anayenijia. Anikalia, aniambia nani kaoa, nani kafa. Wengine wote wanipigia simu wakinambia haraka haraka."

"Na mimi, Bibi?"

"Weye nini?"

"Mimi nakukalia kila siku."

Bi Badriya alichezea pindo la mtandio. Kisha akauliza jambo jingine kabisa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelibeba swali kwa siku nyingi. "Ilikuwa nini ile uliyotia?"

"Wapi?"

"Mle. Kwenye mchuzi wa yule mama."

"Unga wa muhogo."

"Wa muhogo!"

"Wa muhogo, Bibi. Na mchuzi ule tuliula. Yule mama uliyemwona amekufa alikula sahani mbili, akataka ya tatu. Alifia kochini kwa shibe. Alfred alimgombeza kwa kukoroma."

Bi Badriya akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikamkunja mpaka akashika tumbo lake bovu, akasema uwii, akacheka tena. Halafu akakikata katikati, akamkazia macho.

"Hayahaya ndo maneno ya Sikudhani," alisema. "Alikuwa na maneno matamu, yule. Yule mama alicheka naye hivihivi."

Fortunate alichoka. Alichoka mwili mzima, hadi kwenye kope. Hapakuwa na neno, wala chozi, wala tonge ambalo Sikudhani hakuwa amelitumia kabla yake. Akachukua kijiko ili aonje chumvi.

"Si kwa kijiko," alisema Bi Badriya.

"Bibi?"

"Siku hizi waonja kwa kijiko na chakula hakina ladha. Onja kama unavyoonja."

Fortunate akaweka kijiko. Akachota uji kwa upawa, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalipuliza. Akalilamba. Akafumba macho kidogo, na gizani humo hakumwona Alfred wala kamera, alimwona mama yake ameinama juu ya mafiga, moshi ukimtoa machozi, akiuliza ulimwengu mzima kama chumvi imekaa. Alipofumbua macho hakuangalia mlango. Aliangalia uji.

"Chumvi bado kidogo," alisema.

Bi Badriya alikuwa amemkodolea macho wakati wote huo, mdomo wazi, kama mtu wa kiti cha mbele. Taratibu akautoa mkono wake wa kushoto ndani ya mtandio. Akaufungua. Kiganja kilikuwa chekundu kwa hina ya zamani iliyokwajuka.

"Tia," alisema.

Fortunate akatia tone moja. Likatulia katikati ya mistari ya kile kiganja. Palepale funguo zikagonga mlango wa mbele, viatu vikavuliwa, na Yaqoub akatokea kwenye mlango wa jiko, kofia bado kichwani, simu sikioni. "Subiri kidogo," alimwambia mtu wa kwenye simu. "Mama, wafanya nini huku?"

Bi Badriya hakuuangalia uji. Aliangalia mlango. Fortunate aliliona hilo, akashusha macho yake mwenyewe chini, maana alijua Alfred angesema nini.

"Sikudhani," alisema Bi Badriya.

"Abe—" Fortunate alianza, akaishia hapo. Hakujua kama ameitwa.

"Hukudhani nini, Mama?" aliuliza Yaqoub, na simu ikashuka kidogo kutoka sikioni.

Bibi akalamba kiganja chake. Akafumba macho, akakaa hivyo, kisha akayafumbua. Akakinyoosha tena kile kiganja kitupu kuelekea sufuria, na Fortunate akabaki na upawa juu, akisubiri neno linalofuata, la haluli au la Sikudhani.